Wiki tatu nikipigana na mlango mmoja wa Bedford

Mlango wa dereva ulikuwa umekataa kufunga na mimi nilikuwa nimekataa kulala. Hiyo ndo hali tulikuwa nayo hapa Kiamunyi, Nakuru, mwezi wa tano, mimi na hii lori, na kama umewahi kujaribu kukalisha kabini ya lori mzee juu ya chesisi yake basi unajua vile mtu mzima na akili zake anaweza kuanza kuongea na bolti. Kila jioni nikitoka kazini naenda nyuma ya nyumba, nafungua mlango, naufunga, haushiki, nauinua kidogo na goti ndo ushike, halafu natoa tepi napima ile nafasi pale mlango unakutana na nguzo ya nyuma. Juu mil 2 (milimita), chini mil 11. Kesho yake vile vile. Nikigonga hapa inakuwa mil 3 na 10, nafurahi, naenda kunywa chai, nikirudi imerudi 2 na 11 ni kama kuna mtu ananicheza.

Lori yenyewe ni Bedford RL, ile ya jeshi, magurudumu yote manne yanavuta. Bedford ilikuwa upande wa malori wa Vauxhall kule Uingereza, na RL ilianza kutengenezwa 1953 ikaendelea mpaka mwisho wa miaka ya sitini, baadaye modeli ya MK ikachukua nafasi yake. Injini ni ya petroli, silinda 6, karibu lita 4.9, inakunywa kama mgeni ambaye halipi. Lakini ya injini tuachie siku ingine. Kitu cha kujua kwa hii stori ni kwamba hiyo lori haina pua. Dereva anakaa huku mbele kabisa na injini iko katikati yake na abiria, imefunikwa na kifuniko cha chuma kama sanduku la bibi, kwa hivyo kabini haikai nyuma ya injini, inaimeza. Ikienda kando hata kidogo, kitu fulani mahali fulani kinagusana na kingine.

Niliipata Njoro, kwa shamba la ngano, imesimama nyuma ya stoo na mti umepitia kwa sakafu ukatokea dirishani. Mwenyewe alikuwa ameshaelewana na watu wa skrapu, bei kwa kilo na kila kitu, halafu Januari 2022 serikali ikapiga biashara ya skrapu marufuku kwa sababu ya wale walikuwa wanakata nguzo za stima, wanunuzi wakapotea, na shemeji yangu akanipigia simu akaniuliza kama bado nina ule ugonjwa wangu wa magari ya zamani. Bado ninao. Ile marufuku ilikaa miezi kama minne hivi ikaondolewa, lakini hiyo ilitosha. Ningechelewa kidogo hiyo Bedford sai ingekuwa nondo ndani ya gorofa.

Sasa, chesisi ilikuwa poa. Chuma ya wakati huo ni nzito na haiozi haraka. Kabini ndo ilikuwa imeisha, kama kawaida: chini ya milango pale maji hukaa, miguu ya zile nguzo za mbele, na sakafu upande wa abiria, hapo ndo mti ulipitia. Na hapa nilifanya kosa langu la kwanza, nilipeleka kabini kwa welda mmoja hapa mjini, jina nitaliacha, nikamwambia akate zile sehemu zimeoza aweke chuma mpya. Alifanya kazi safi kwa macho. Mshono umenyooka, amesugua na grainda mpaka unateleza. Ila alikata vizingiti vya milango yote miwili siku moja bila kufunga kitu chochote pale katikati. Kabini ya lori ukitoa milango na vizingiti inabaki kama boksi la katoni ukilikata chini, unasukuma huku linalala kule. Ilifaa kwanza achomelee anglaini (zile chuma za pembe) za muda, moja kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, ingine ikatize pembe kwa pembe, afanye hivyo pande zote mbili, na ingine ivuke kutoka mlango mpaka mlango, NDIO achukue grainda. Ukimaliza kuchomelea chuma mpya ikipoa unakata zile za muda unatupa. Ni kazi ya nusu siku na chuma ya pesa kidogo.

Nilijuaje kabini imelala? Tepi. Unapima uwazi wa mlango pembe kwa pembe, kutoka juu mbele mpaka chini nyuma, halafu kutoka chini mbele mpaka juu nyuma. Kwa uwazi wa mraba kamili vipimo viwili vinalingana, lakini mlango wa lori si mraba, kwa hivyo usitafute vilingane, unalinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Mimi nilipata upande wa dereva umepishana na wa abiria mil 9. Nikarudisha kabini nyumbani, sikurudi kwa huyo jamaa, nikaweka jeki ya chupa ndani ya uwazi wa mlango imelala pembe kwa pembe na kipande cha mbao kila upande isitoboe, nikasukuma polepole. Chuma ina kiburi, ukiisukuma mil 9 inakurudishia 7, lazima uipitishe kidogo ndo ikiachwa irudi pale unataka. Nilipata ikabaki mil 1. Nikaona nimeshinda. Wueh.

Siku ya kupandisha ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa na chenibloki imefungwa kwa milingoti mitatu ya mikaratusi tumeifunga juu kama hema, vijana wanne wa boda kutoka steji, na mama watoto akiwa mlangoni na simu anarekodi, nafikiri akingojea nife. Siri moja ya kupandisha kabini ya aina hii ni kutoa kila kitu ambacho kitasimama njiani: kifuniko cha injini, mkono wa gia, usukani, hata feni ukiweza, maana kabini inashuka juu ya injini na huku paipu ya stelingi inabidi ipenye kwa shimo lake kwenye sakafu, na pedali, na breki ya mkono. Mtu mmoja kazi yake ni kuangalia tu hiyo paipu, hashiki kitu kingine. Sisi tulishuka vizuri mpaka ikabaki kama inchi 4 hivi, kijana mmoja akasema "ngoja ngoja ngoja" na kabini ikaanza kuzunguka kwenye mnyororo polepole kama nyama kwa ndoano, ikagonga rejeta kwa kona. Tundu dogo. Nilinunua ile rejeta ikiwa imerekebishwa wiki moja kabla. Tuendelee.

Ikakaa. Nikaweka bolti kwa mounti zote, zile sehemu zenye raba kabini inakalia chesisi, nikakaza kwa nguvu zangu zote maana nilikuwa na furaha, nikatundika mlango wa dereva. Na hapo ndo tukaingia kwa zile wiki tatu.

Kwanza nilidhani ni hinji. Hiyo ni sawa kufikiria, na ni kitu cha kwanza hata wewe uangalie: fungua mlango nusu, shika mwisho wake na uinue. Ukicheza juu chini kabla hinji haijasogea, pini na bushi zimekwisha na hakuna haja ya kupima kitu kingine chochote mpaka uzitengeneze. Zangu zilicheza kama mil 4 pale mwisho. Nikapeleka Industrial Area kwa jamaa wa lethi akachonga pini mpya na bushi za shaba, kazi nzuri sana hiyo, ukishika mlango sasa unaenda kama mlango wa benki. Lakini nafasi bado: 2 juu, 11 chini, na ule ulimi wa loki unagonga chini ya pale inafaa kushika.

Hebu nieleze hiyo inamaanisha nini kwa sababu mimi ilinichukua muda. Mlango unaning'inia kwa nguzo ya mbele. Loki iko kwa nguzo ya nyuma. Kama mwisho wa mlango umelala chini, ile kona ya juu inasogea nyuma na kubana, na kona ya chini inaachana na nguzo. Ndo unapata 2 na 11. Sasa kama hinji ni mpya, mlango haujalala wenyewe, basi ni nguzo ya mbele imeshuka ukilinganisha na ya nyuma, na nguzo ya mbele imekalia mounti ya mbele. Kwa hivyo unainua mounti ya mbele upande huo kwa kuweka shimu, kipande cha bati au flatiba chenye tundu, katikati ya raba na chesisi.

Nikaweka mil 3. Ikasaidia kidogo. Nikaongeza 3. Nikaongeza 5, halafu 3 tena. Ilifika mil 14 za washa na vibati pale mbele kulia, imesimama kama chapati zimepangwa, na mlango karibu unafunga, na mimi najiambia karibu, karibu. Kumbe nikipandisha huko mbele paipu ya stelingi imeanza kubana kwa shimo lake, ukizungusha usukani unasikia kitu kinakwaruza. Na kifuniko cha injini hakikai tena. Nikachukua nyundo na doli (kile kipande cha chuma unashikilia nyuma ya bati ukigonga) nikaanza kugonga nguzo. Afadhali ningeenda kulala.

Mzee alikuja Jumapili baada ya kanisa. Ni jirani, alikuwa makanika jeshini miaka mingi, sai ana ng'ombe wawili na miwani moja amefunga na waya. Malori kama haya alitengeneza mpaka akachoka nayo, ndo maana huwa haji kuangalia, alikuja kwa sababu alisikia nyundo siku ya Bwana. Akasimama, mikono nyuma, akaangalia zile chapati zangu za washa bila kusema kitu. Akazunguka lori mara moja.

"Kijana," (nina miaka arobaini na mbili) "mlango ule mwingine uko wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa umeegemea kibanda cha kuku, nilikuwa sijautundika kwa sababu nilitaka kumaliza mmoja kwanza. Kuku mmoja alikuwa ametaga ndani yake, pale mahali kioo hushuka.

"Utundike."

"Mzee, hinji zake bado, pini ni za zamani..."

"Weka hata na misumari. Tundika."

Tukautundika na bolti mbili za kuazima. Akaufunga. Huo nao haukushika, lakini haukushika kwa kupita juu. Ulimi wa loki uligonga juu ya mahali pake. Akanionyesha na kidole ile nafasi ya nyuma: juu kumeachana, chini kumebana. Kinyume kabisa cha upande wa dereva. Akanitazama akingoja nielewe na mimi nikawa sielewi, akashika kitambaa cha kupangusia mafuta akakikamua, mkono mmoja huku, mwingine huku.

Milango yote miwili ikilala, kabini yako ina shida mbele au nyuma. Yote ikiinuka, vile vile. Lakini mmoja ukilala na mwenzake uinuke, kabini imekamuliwa kama nguo, na kabini haijikamui yenyewe. Mimi nilikaa wiki tatu naangalia mlango mmoja. Ni kama kusikiliza mtu mmoja kwa kesi ya bibi na bwana.

"Hii chesisi," mzee akauliza, "umeiweka juu ya nini?"

Hapo ikabidi nikubali. Eksele ya mbele nilikuwa nimeitoa kwa ajili ya kazi ya habu za magurudumu, kwa hivyo mbele chesisi ilikuwa imekalia marundo mawili ya mawe ya kujengea na kipande cha mbao juu, nyuma iko kwa magurudumu yake. Niliyapima na pima maji siku nilipoyaweka, mwezi wa pili, ardhi ikiwa kavu kama mfupa. Baada ya hapo nikaweka injini. Halafu mvua ikaja. Na yeyote anayeishi Nakuru anajua udongo wetu, ni majivu ya volkeno, Menengai ilitumwagia hiyo zamani, ukimwaga maji unakunywa tu, na mvua kubwa ikinyesha kuna mahali ardhi inajifungua yenyewe. Maji ya paa upande wa kulia yalikuwa yanaanguka karibu kabisa na rundo moja. (Na kabla mtu aniambie: najua, mawe ni hatari, yanaweza kupasuka bila kukuonya. Sijawahi kuingia chini ya lori ikiwa juu ya mawe na wewe usiingie. Nilikuwa sina mataruma.)

Mzee hakutaka pima maji. Alitaka ule mpira mwembamba unaoona ndani, ule mafundi wa nyumba hutumia, unajaza maji na kushika ncha mbili, maji yanakuwa usawa mmoja hata kama kati yenu kuna nyumba. Pima maji fupi kwenye chuma ya chesisi inakudanganya, chuma ina vibonyeo na rangi. Tukashika ncha moja kwa kila upande wa chesisi mbele, mwanangu wa darasa la saba akasoma rula. Kulia ilikuwa chini ya kushoto kwa mil 19. Huko nyuma kwa magurudumu, sawa kabisa.

Basi ndo hiyo. Chesisi ya lori kama hii ni ngazi, reli mbili ndefu na vidaraja katikati, na imetengenezwa ijipinde, porini gurudumu moja likiingia shimo chesisi inapinda badala ya kuvunjika. Kwa hivyo rundo langu likizama, kona ya mbele kulia ilizama nalo, chesisi ikapinda bila kulalamika, na mimi nikachukua kabini ambayo nilikuwa nimeinyoosha kwa jasho langu nikaikaza kwa nguvu juu ya kitu kilichopinda. Kila bolti niliyokaza ilikuwa inaikamua. Zile mil 14 zangu zilikuwa zinapigania kurudisha kile mvua ilikuwa imeshusha, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Sitaandika maneno niliyosema. Mzee alijifanya hajasikia, alikuwa ametoka kanisani.

Kilichofuata kilikuwa kirefu lakini hakikuwa kigumu. Nikatoa shimu zote. Nikalegeza mounti zote mpaka nati zinazunguka kwa vidole, na tulipoilegeza ya mbele kulia kabini ililia, kriiiik, kama mtu amevuliwa kiatu cha kubana. Nikamalizia zile habu, nikarudisha eksele ya mbele, nikaivuta lori yote ikiwa kwa magurudumu yake manne mpaka kwa slabu ya zege pale mbele ya nyumba ambapo mama watoto huanika mahindi. Hakupenda. Tulipima slabu na mpira wa maji, ikawa imepishana mil 4 hivi, tukaweka kipande cha plaiwudi chini ya gurudumu moja tukamaliza. Upepo wa matairi pia tukaulinganisha, hiyo ni kitu ndogo watu husahau, tairi moja laini inaweza kukuharibia jioni nzima.

Halafu raba. Raba za zamani za mounti zilikuwa zimekauka kama mandazi ya juzi kwa hivyo mwanzoni nilienda sokoni kwa jamaa wa akala nikamwambia anikatie pedi kutoka tairi ya lori. Alikata vizuri, mduara safi, tukacheka, nikaona nimeokoa pesa. Mzee alizichukua akazibana kidogo kidogo kwa vidole, moja baada ya ingine, akanipa nipime: 19, 22, 20, 24. Tairi haina unene mmoja, pale katikati imeisha pale pembeni haijaisha, na ndani kuna matabaka ya nyuzi ambayo hayabonyei. Kwa miguu ni sawa, miguu yako inasamehe. Kwa kabini tayari umeshaipindisha mil 5 kabla hujaanza. Nikaenda kununua raba tupu ya shiti, isiyo na nyuzi, ugumu wa 60 hivi kwa kipimo cha Shore, nikakata zote kutoka shiti moja, zote mil 20, na bushi ya chuma katikati ili bolti ikikazwa ikutane na chuma isiendelee kuiponda raba mpaka itoke kama mkate chini ya matako.

Sasa ndo kukalisha kwenyewe, na hii sehemu niliifurahia. Milango yote miwili imetundikwa, hinji zote mpya. Bolti za mounti ziko ndani lakini zimelegea. Injini ndani, rejeta ndani, kifuniko cha injini mahali pake, viti ndani, maana raba inabonyea kwa uzito na ukipima kabini tupu halafu uongeze uzito umejipima bure. Mwanangu akakaa kiti cha dereva. Nikachukua vipande viwili vya nondo laini ya mil 6 nikavipinda ncha kama ndoano, hiyo ndo geji yangu, unaipitisha pale mlango unakutana na nguzo, ikipita bila kubana na bila kucheza uko sawa. Halafu unafunga milango, unaiacha imefungwa, unakaza mounti ya nyuma kidogo, ya mbele kidogo, pembe kwa pembe kama nati za gurudumu, robo mzunguko, na kila ukikaza unazunguka na ile nondo. Ukiona inabana mahali unasimama. Husukumi. Unajiuliza ni kona gani inataka kuinuka.

Upande wa dereva ulitaka mil 3 mbele, nadhani hiyo ni ile mil 1 ya welda na vitu vingine vidogo vimejumlika. Abiria mbele mil 1.5. Nyuma hazikutaka kitu. Kutoka 14 na nyundo mpaka 3 na 1.5. Kwa mara ya kwanza paipu ya stelingi ilikuwa katikati ya shimo lake, unaweza kupitisha kidole pande zote, na usukani unazunguka kimya. Bodi ya nyuma nayo iko mbali na mgongo wa kabini upana wa ngumi, na hiyo nafasi lazima uiache hata kama unaona haipendezi, kwa sababu chesisi ikipinda kabini inaenda huku na bodi inaenda kule, na ukizibananisha zitakulana.

Mzee akasema bado. Akaniambia niweke jeki chini ya gurudumu la mbele kulia niliinue, sio kidogo, niweke na magogo. Tukaliinua mpaka kama sentimita 25, lori imesimama kama mbwa kwa mti, na reli za chesisi unaziona kwa macho zimepishana. Akaenda akafungua mlango wa dereva. Akaufunga. Akaenda wa abiria. Ulibana kidogo kwa kona ya juu lakini ulifunga, na ukafunguka. Hiyo ndo kazi ya zile raba, chesisi ipinde na kabini ibaki ikishangaa. Tungekuwa tumekaza chuma kwa chuma, au bado tuko na akala, mlango ungejifunga wenyewe ndani ya shimo huko Mau na wewe ungetokea juu kwa paa. Na kusema kweli ungetokea, maana hii lori ina lile tundu la duara kwa paa, la askari kusimama akiangalia nje. Watoto wangu wamelimaliza.

Kioo cha mbele ndo kinaingia mwisho, baada ya hayo yote na baada ya rangi. Mtu alinishauri nikiweke mapema ili "kishike umbo". Kioo hakishiki umbo la mtu, ukikiweka ndani ya kabini iliyokamuliwa kitakaa siku tatu kimya halafu siku ya nne utaamka kikiwa na mstari kutoka kona mpaka kona. Na kila kitu mimi nimekifanya kabla ya rangi, nimetundika, nimepima, nimekaza, halafu nitafungua tena vyote nipake kijani. Wengine huona ni kazi mara mbili. Rangi ya mlango ikibanduka kwa sababu umegongana na nguzo mara ya kwanza kufungwa, hiyo ndo kazi mara mbili.

Kwa kizingiti cha upande wa dereva kuna mahali nafasi inafika mil 8 badala ya 6, ni pale yule jamaa alikata. Ningeweza kuchomelea ukingo nisugue. Nimeiacha, huioni ukisimama wima.

Juzi Alhamisi ikanyesha ile mvua ya mawe, saa nne usiku, bati zinapiga kelele huwezi kusikia televisheni. Nikachukua tochi na ule mpira. Mama watoto akaniuliza kutoka chumbani naenda kupima nini saa hiyo, nikamwambia maji. Nililowa mpaka kwa soksi. Slabu ilikuwa haijaenda popote.